Mtoto aliyenyamaza darasani miezi mitano: uchambuzi wa kisa cha PP2 mjini Nakuru

Usuli

Kisa hiki ni cha darasa la PP2 (mwaka wa pili wa chekechea, baada ya PP1 na kabla ya Gredi ya 1) katika shule ya msingi ya umma, mtaa wa ploti za kupanga mjini Nakuru, Kenya. Mwaka, majina na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa au kubadilishwa.

Mtoto ni mvulana aliyekuwa na miaka mitano na miezi minne. Tangu alipoachishwa kunyonya alilelewa na nyanya yake katika kijiji kilicho karibu na Ziwa Viktoria, kaunti ya Siaya, ambako hakusemeshwa kwa lugha nyingine ila Dholuo, lugha ya Wajaluo. PP1 hakuisoma. Mwezi Desemba mama yake, muuza mboga, alimchukua akamleta Nakuru ili aanze shule Januari. Ndani ya wiki nne mtoto alibadilishiwa mlezi, nyumba, chakula, lugha na saa za kulala. Shule ilikuja mwisho kwenye msururu huo, na kwa sababu ndipo dalili zilipoonekana, watu wote walidhani tatizo limeanzia shuleni.

Darasa lilikuwa na watoto 46, mwalimu mmoja aliyeajiriwa na kaunti, na msaidizi anayelipwa kwa michango ya wazazi. Mwongozo wa lugha nchini, unaofuata msimamo wa Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini kwenye mchanganyiko wa jamii lugha hiyo iwe Kiswahili. Katika mtaa huu watoto wa Kikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kijaluo na Kikisii wanacheza kwa Kiswahili, kwa hiyo shule haikukosea kukitumia. Lakini kwa mtoto huyu Kiswahili kilikuwa kigeni sawasawa na Kiingereza.

Wiki tatu za kwanza

Siku ya kwanza mama aliambiwa atoroke mtoto akiwa anatazama bembea. Akatoroka. Mtoto alipogeuka na kukuta hayupo, alilia mpaka saa ya uji. Siku ya pili alimng'ang'ania mama langoni, ikabidi watu wawili wamwondoe. Siku ya nne hakulia tena, na katika daftari la mwalimu iliandikwa kwamba amezoea.

Hakuwa amezoea. Aliketi pale pale karibu na mlango, mkoba mapajani, sweta hakuivua hata jua la saa sita. Uji hakunywa. Maji hakunywa. Chooni hakwenda. Jina lake likiitwa aliinamisha kichwa. Karibu kila siku, kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, alijikojolea akiwa amekaa, bila kusogea wala kumwambia mtu. Watoto wenzake walishaanza kumwelezea kila mgeni: "Huyu hasemi." Maneno hayo yakisharudiwa darasani huwa cheo cha mtoto, naye hulazimika kuishi nacho.

Wiki ya tatu ushauri ulimjia mama kutoka pande zote. Mwalimu alipendekeza mtoto arudishwe PP1 au atafutiwe shule yenye kitengo maalum. Jirani wa ploti alisema kamba iliyo chini ya ulimi ikatwe. Mwalimu mwingine alimwambia aache Dholuo nyumbani, aongee Kiswahili pekee. Mama naye, kwa hofu, alianza kumkaririsha "My name is" kila jioni fimbo ikiwa mezani. Baada ya siku chache mtoto alianza kukataa kuvaa viatu asubuhi.

Mwalimu wa darasa hapaswi kulaumiwa kwa wepesi. Mtoto asiyesumbua, katika chumba cha watoto 46, ndiye wa mwisho kuonekana.

Mwalimu mwandamizi wa madarasa ya chini, aliyesomea elimu ya mahitaji maalum, aliitisha kikao cha dakika 40: yeye, mwalimu wa darasa, msaidizi, mama, na binamu wa mtoto, msichana wa Gredi ya 5 anayeishi ploti hiyo hiyo na anayezungumza Dholuo. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha ushauri wote uliokwisha kutolewa hadi maswali matatu yajibiwe. Je, kuna mahali mtoto huyu anaongea? Je, anasikia? Je, anaelewa akisemeshwa kwa lugha yake?

Maswali matatu

La kwanza lilijibiwa usiku ule ule. Mama alirekodi kwa simu dakika mbili wakati wa chakula cha jioni. Mtoto anasikika akimsimulia binamu yake jinsi kuku alivyotumbukia kwenye ndoo, kwa sentensi ndefu, akiigiza sauti ya kuku. Rekodi hiyo ilimaliza habari ya kukata ulimi. Kamba fupi ya ulimi inaweza kumsumbua mtoto mchanga anaponyonya, na pengine ikaathiri matamshi ya sauti chache baadaye. Haiwezi kumwacha mtoto asimulie jioni kisha imfunge mdomo asubuhi.

Kuhusu masikio, kijitabu cha afya ya mama na mtoto kilionyesha sikio liliwahi kutoa usaha akiwa na mwaka mmoja na nusu. Shule ilifanya jaribio la sauti sita: m, u, i, a, sh, s, ambazo kwa pamoja zinagusa sauti nzito hadi nyembamba za usemi. Uzuri wake ni kwamba mtoto hahitaji kusema lolote. Anapewa vifuniko vya soda na mkebe mtupu. Kila akisikia sauti, anatia kifuniko kimoja. Kwanza anafundishwa mchezo kwa kupiga makofi mbele yake mpaka auelewe. Halafu mpimaji anasimama nyuma yake, mita moja, baadaye mita tatu, anatoa sauti moja kwa nguvu ya mazungumzo ya kawaida, na ananyamaza kwa muda usio sawa kati ya sauti na sauti. Muda ukilingana, mtoto hutia kifuniko kwa mahadhi tu na jaribio halina maana. Makosa mengine yanayoharibu jaribio hili ni kivuli cha mpimaji kuonekana ukutani na kulifanya wakati wa mapumziko, kelele zikiwa nje.

Mita moja alipata zote. Mita tatu alikosa s mara mbili kati ya tatu. Jaribio la namna hii haliwezi kutoa hukumu, kwa hiyo alipelekwa kituo cha EARC, vituo vya serikali vya tathmini na nyenzo za elimu vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Huko kipimo cha mashine kilionyesha sikio la kushoto halipati vizuri sauti nyembamba, na ndani mlikuwa na nta ngumu. Zahanati iliilainisha kwa dawa ya matone siku kadhaa, ikaisafisha, na kipimo cha marudio kikawa sawa. Mama alionywa asichokoe kwa njiti ya kiberiti wala pamba ya kijiti, kwa sababu husukuma nta ndani zaidi. Nta ilikuwepo kweli, lakini sicho chanzo cha ukimya. Nyumbani alikuwa akiongea huku anayo.

Swali la tatu ndilo lililogeuza mawazo ya walimu. Binamu alimwambia kwa Dholuo, mara moja tu, bila kuonyesha kwa mkono: chukua kijiko, kiweke chini ya kiti, kisha uniletee sweta. Alifanya yote matatu kwa mpangilio. Alifunga vifungo vitano vya shati. Aliruka kwa mguu mmoja. Alipochora mtu, alimpa kichwa, macho, mikono yenye vidole na miguu yenye viatu. Siku ya udongo wa mfinyanzi, wakati wenzake wengi wakiviringisha mipira na nyoka, yeye alifinyanga mashua yenye ncha mbili na ubao wa kukalia katikati, kisha akavuta nyuzi kutoka pindo la sweta yake, akazilaza ndani ya mashua zikiwa zimekunjwa kama wavu uliokwisha kukung'utwa. Mwalimu alisimama hapo muda mrefu. Habari ya kumrudisha PP1 haikutajwa tena.

Sababu nyingine za kutomrudisha ziliandikwa: angekutana na watoto wadogo kwake asiowajua, angelazimika kuanza upya kujenga uhusiano na mwalimu, na lugha ingebaki ile ile. Kitengo maalum nacho kingemwondoa katika kundi la watoto wanaoongea Kiswahili, kundi analolihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Uamuzi mkuu: kusema kuwekwe mwisho

Kikao kilikubaliana kwamba muhula wote wa kwanza hakuna mtu mzima shuleni atakayemtaka mtoto aseme. Kwanza mwili wake upate raha: choo, maji, chakula, asubuhi isiyo na vita. Kisha apate mchezo na mwenzake. Sauti ifuate. Kuitwa majina asubuhi kulibadilishwa kwa darasa zima ili asionekane peke yake: kila mtoto anachukua kadi yenye alama yake mezani na kuitia kwenye sanduku. Mwalimu alikiri kwamba njia hii ilimpunguzia muda pia.

Nyumbani mama aliombwa mambo mawili pekee: fimbo iondoke mezani, na apate dakika kumi za kucheza naye kwa Dholuo kabla ya kulala. Ushauri wa kuacha Dholuo ulifutwa waziwazi mbele yake. Mtoto anayejua vizuri lugha moja ana mahali pa kuegemeza ya pili; akinyang'anywa ile ya kwanza hubaki hana pa kusimama.

Choo

Sehemu hii inachukua nafasi kubwa kwa sababu ndipo kazi kubwa ilipokuwa, na ndipo shule nyingi hazitazami.

Binamu alimuuliza kwa nini haendi chooni. Akajibu mambo matatu: shimo ni kubwa, ndani kuna giza na upepo unaotoka chini, na wavulana wakubwa wanasukuma mlango. Mwalimu mwandamizi alikwenda kupima. Mlango haukuwa na komeo la ndani. Miguu ya mtoto wa miaka mitano, ikiwa pande mbili za tundu, ilikuwa imetanuka kiasi kwamba hawezi kuchuchumaa bila kushika ukuta. Hofu yake ilikuwa na msingi. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka tundu moja kwa wavulana 30 na moja kwa wasichana 25, lakini uwiano wa tundu kwa idadi hauelezi kama mtoto mdogo anaweza kulitumia.

Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, wakati vyoo vilikuwa vya shule ya msingi, chini ya mwalimu mkuu na halmashauri yake. Mwalimu wa PP2 hakuwa na mamlaka juu ya mlango hata mmoja. Mwalimu mkuu alikubali choo cha mwanzo, kilicho karibu na darasa, kiwe cha chekechea hadi saa sita. Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari ndani ya darasa.

Fundi alikata ubao wa inchi moja, futi mbili kwa futi mbili, akatoboa tundu la sentimita 15. Wiki ya kwanza ubao uliteleza mtoto mwingine akiwa juu yake, akapata hofu mpya. Ulipigiliwa vipande viwili vya mbao upande wa chini, vinavyoingia kwenye tundu la saruji na kuushikilia usisogee. Ubao hunyonya mkojo na kunuka, kwa hiyo ulioshwa kwa sabuni kila mchana na kusimamishwa juani; kufikia muhula wa tatu ulikuwa umeanza kuoza na ikabidi utengenezwe mwingine. Shule yenye uwezo ifinyange kwa saruji tangu mwanzo. Bati moja la paa lilibadilishwa kwa la kupitisha mwanga. Komeo liliwekwa kwa kimo cha mtoto, la aina ambayo mtu mzima anaweza kuifungua kwa nje akihitajika.

Ratiba ikawa mara nne: anapofika, saa tatu na dakika arobaini, saa tano, na kabla ya kwenda nyumbani. Walikwenda sita sita na msaidizi, daima dakika kumi kabla ya kengele ya wakubwa. Kwa dharura, kifuniko cha soda chenye uzi mwekundu kilining'inia mlangoni: mtoto yeyote anakivaa mkononi na kwenda, hakuna ruhusa ya kuomba kwa mdomo. Kaptula mbili za akiba zilikaa kwenye mfuko wa kitambaa nyuma ya kabati. Akijikojolea, msaidizi humpeleka kubadilisha bila neno darasani, wala hakuna kusugulishwa sakafu.

Mama alidhani maji yapunguzwe asubuhi. Alielezwa kinyume chake. Mtoto anayejinyima maji hupata choo kigumu, na utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Alipoulizwa, alisema kweli mtoto hupata haja kubwa mara moja kwa siku nne, kwa taabu. Papai, mboga zaidi, kikombe cha maji kila mlo, na kuketishwa chooni dakika chache baada ya chakula cha jioni. Wiki ya nne ya mpango ilikuwa wiki yake ya kwanza kukaa mkavu siku zote tano.

Asubuhi langoni

Mama huenda kununua mboga saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo anayemleta mtoto ni binamu. Kutoroka kulikomeshwa. Mtoto anayeachwa kwa hila hujifunza kwamba akigeuza macho, mtu wake hupotea. Ndiyo sababu huyu aliketi mlangoni siku zote. Badala yake kukawa na kuagana kufupi, mahali pale pale chini ya mjakaranda, kwa maneno yale yale, kisha kumkabidhi kwa msaidizi yule yule. Kuagana kukizidi dakika mbili, kilio huongezeka.

Akishapokewa, alipewa kazi: kutandika mikeka mitatu. Kazi ilimsaidia kuliko kubembelezwa, kwa kuwa inampa sababu ya kuingia ndani na haihitaji maneno. Kipande cha leso ya nyanya, kadiri ya kiganja, kilibanwa ndani ya mfuko wa kaptula. Ukutani uzi wenye picha nne ulionyesha siku: uji, mchezo, hadithi, nyumbani. Yeye mwenyewe alisogeza kibanio cha nguo kutoka picha hadi picha. Wiki ya tatu ya mpango alivua sweta bila kuambiwa.

Pipi, na rafiki aliyesema badala yake

Mambo mawili yaliharibika, yote kwa nia njema.

Wiki ya sita ya mpango, mwalimu alimwahidi pipi mbele ya darasa akisema "present" siku moja tu. Watoto 45 wakageuka kumtazama. Siku hiyo alijikojolea, na kwa wiki nzima mkoba ukarudi mapajani. Zawadi humsaidia mtoto anayeweza jambo lakini hataki. Huyu alitaka, mwili wake ndio uliokuwa umejifunga. Pipi iliongeza uzito wa kushindwa. Hata angefaulu, makofi ya darasa zima yangemtisha vilevile, na ndiyo sababu baadaye walimu walikubaliana kwamba neno la kwanza likitoka, litajibiwa kama neno lolote la kawaida.

La pili lilikuwa rafiki. Mwalimu alimkalisha na mvulana mchangamfu anayejua Dholuo. Baada ya siku kumi mvulana huyo alikuwa msemaji wake rasmi: anataka maji, hapendi hiyo, amechoka. Mtoto hakuhitaji tena hata kunyoosha kidole. Msaidizi, aliyeona wakati wa mchezo ni nani mtoto humtazama, alipendekeza msichana mmoja mtulivu anayependa kujaza na kumwaga maji kwenye chupa. Dholuo hakujua. Wawili hao walimwaga maji kimya karibu mwezi mzima, na siku moja mwishoni mwa Machi walisikika wakicheka.

Kuingiza sauti

Muhula wa pili, Mei, kazi ya sauti ilianza. Mara mbili kwa wiki, wenzake wakishaenda nyumbani, mtoto na binamu walibaki darasani dakika 15, mlango umefungwa, wakihesabu vifuniko kwa Dholuo. Aliongea, kwa kuwa palikuwa yeye na mtu wa nyumbani. Kisha mwalimu akaanza kusogea: kwanza uwanjani mbali, siku nyingine mlangoni, mgongo umegeuzwa, akisahihisha vitabu, halafu pembeni ndani ya chumba, halafu mezani, akisogeza vifuniko bila kusema. Sauti ikipungua, mwalimu anarudi hatua moja nyuma na kubaki huko siku mbili zaidi. Kanuni ilikuwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati: mtu, au mahali, au ukubwa wa kundi. Vikibadilishwa viwili pamoja, huwezi kujua kilichomnyamazisha.

Mezani, mwalimu hakuuliza swali dakika tano za kwanza. Alieleza anachokiona, akikaa ubavuni, si uso kwa uso. Akiuliza, aliuliza swali la kuchagua, "nyekundu au ya kijani?", kisha akasubiri akihesabu hadi tano kimoyomoyo. Watu wazima wengi hujaza kimya hicho kabla ya sekunde mbili kupita.

Katikati ya Juni mwalimu, Mkalenjin aliyekuwa akijifunza hesabu za Dholuo kutoka kwa watoto hao wawili, alihesabu kwa sauti: achiel, ariyo, ang'wen (moja, mbili, nne). Mtoto akamwambia, "Adek" (tatu). Mwalimu akasema, "Haya, adek," akarudia kuhesabu. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mtu mzima shuleni. Baada ya hapo yule msichana wa maji aliingizwa kwenye mchezo, binamu akaanza kuchelewa kuja, kisha akaja siku moja kwa wiki, na maneno ya Kiswahili yakaanza kuchanganyika na ya nyumbani.

Ofisa wa EARC alikuwa ameweka mpaka. Mtoto anayeongea nyumbani na kushindwa kabisa kuongea shuleni kwa zaidi ya mwezi mmoja, ukiacha mwezi wa kwanza wa shule, anaweza kuwa na aina ya wasiwasi inayohitaji mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Lakini hali hiyo haithibitishwi kama mtoto hajui lugha ya darasa, na watoto wanaoingia lugha mpya mara nyingi hupitia miezi ya kusikiliza tu. Ikakubaliwa kwamba isipoonekana sauti kufikia Agosti, apewe rufaa ya kwenda hospitalini. Hapakuwa na haja.

Likizo

Likizo ya Aprili alikwenda kwa nyanya. Alirudi jioni ya kuamkia siku ya kufungua, akapelekwa shule kesho yake, na wiki nzima ikapotea: kilio langoni, sweta, kaptula moja iliyolowa. Agosti walijipanga. Mama alimrudisha siku nne mapema, na siku moja kabla ya kufungua alizunguka naye shuleni dakika ishirini: mjakaranda, msumari wa ufunguo, choo, uzi wa picha. Safari hii taabu ilikuwa ya siku mbili.

Hali mwishoni mwa mwaka

Alipandishwa Gredi ya 1 pamoja na rika lake. Alikuwa akiongea Kiswahili katika kundi la watoto wanne au watano, akiitikia jina kwa sauti ndogo, akila na kunywa. Baada ya Mei hakujikojolea tena. Kwenye gwaride la asubuhi hakuwahi kuimba, na kwa mwalimu mkuu alijibu kwa kichwa.

Uchambuzi

Tunaamini mpangilio wa hatua ndio uliobeba mafanikio. Mtoto aliyebana mkojo, mwenye kiu, anayelinda mlango asiachwe tena, hana nguvu iliyobaki ya kujaribu lugha mpya. Shule ilipoanza na mambo ya mwili, mengine yalipata nafasi. Pamoja na hayo, haiwezekani kutenganisha kabisa mpango na muda. Miezi sita ya kusikia Kiswahili kila siku ingefanya kazi yake kwa vyovyote. Kilicho wazi zaidi ni athari ya mambo yaliyomrudisha nyuma, yaani pipi na kurudi ghafla kutoka likizo, kwa sababu kila moja ilifuatwa na dalili zile zile siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kupima kuelewa kwa lugha ya mtoto kulichukua chini ya saa moja na kulizuia uamuzi mbaya. Tunasisitiza hili: mtoto yeyote anayefikiriwa kurudishwa darasa au kupelekwa kitengo maalum apimwe kwanza kwa lugha anayoiota. Katika miji kama Nakuru mtafsiri yuko karibu daima, ama mpishi, ama mzazi, ama mlinzi.

Tatizo la kwanza lililobaki ni kwamba mpango uliegemea msaidizi mmoja. Julai michango ya wazazi ilichelewa, msaidizi akakosa wiki mbili, makundi ya choo yakavunjika, na watoto watatu ambao hawakuwa kwenye mpango wowote wakaanza kujikojolea. Mtoto wa kisa hiki hakuwa mmoja wao. Ilidhihirika kwamba wengi walikuwa wakifaidika na ratiba ile bila mtu kujua, na kwamba iwe jukumu la darasa, iandikwe kwenye ratiba, na viranja wakubwa wawili wafundishwe kusimama nje ya mlango.

Tatizo la pili linatusumbua zaidi. Binamu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitafsiri vikao, akamleta mtoto kila asubuhi, akapoteza mapumziko ya mchana mara mbili kwa wiki. Alifanya kwa upendo, lakini hakuna aliyemuuliza kama amechoka mpaka alama zake za Agosti ziliposhuka. Mtoto akitumika kama daraja, awekewe kikomo cha wiki kwa maandishi, asitafsiri maneno magumu kati ya mwalimu na mzazi, na mtu mzima anayejua lugha hiyo atafutwe tangu mwanzo. Hapa alikuwepo: mpishi wa shule alizungumza Dholuo, na hilo liligunduliwa Septemba.

Kuhusu fimbo ya mama: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili shuleni, na walimu walijua. Kilichomgusa mama zaidi ni kusikiliza rekodi yake mwenyewe ya mtoto akicheka habari ya kuku, na kuulizwa ni lini mara ya mwisho mtoto alimsimulia kitu kama hicho fimbo ikiwa mezani.

Kazi ya mwisho ya mwaka ilikuwa karatasi moja ya kumkabidhi kwa mwalimu wa Gredi ya 1. Ilikuwa na mambo haya: anaongea na nani na wapi, asiulizwe swali la kwanza la siku mbele ya darasa, mpe kazi anapoingia, choo saa zipi, majina ya watoto wawili wa kukaa naye, usimwelezee mgeni kwamba hasemi, likizo zote arudi siku nne kabla. Mama na mwalimu mpya waliisoma pamoja mwezi wa mwisho wa muhula, mtoto akionyeshwa dawati lake na mlango wa choo atakachotumia, na nakala ikabaki kwa mpishi.